Nilipochuma Pasheni kwa Wifi Nikajifanya Mgeni

Jumamosi, Julai. Tunduma, jioni.

Baridi ya leo ilikuwa ya kuuma masikio. Asubuhi nimetoka nyumbani ukungu bado umelala barabarani, foleni ya malori ya kwenda mpakani haionekani mwisho wake, taa tu zinawaka. Sasa nimerudi, nimekaa jikoni, ndoo ya pasheni iko mbele yangu mezani. Toka nifike sijala hata moja.

Shajara, leo nimemkana mtu wa nyumbani kwetu. Mbele yake.

Naandika hivyo mapema makusudi, kwa sababu najijua. Nikianza kwa kuzungukazunguka, nikifika mwisho nitakuwa nimeshajisamehe.

Ilianza na Shufaa. Shufaa ni rafiki yangu, mtu wa Tanga, ana duka la vitenge jirani na ofisi yetu ya kutoa mizigo hapa mpakani. Akiamua jambo limeshaamuliwa. Katikati ya wiki alikuja ofisini na simu mkononi kunionyesha picha aliyoiona kwenye status ya mteja wake. Ilikuwa kibao cha ubao kilichoandikwa kwa rangi nyekundu CHUMA MWENYEWE, na nyuma yake mipasheni imetambaa juu ya waya. Akanieleza kwamba unaingia shambani, unachuma kwa mkono wako, unakula mpaka uchoke, ukitoka unalipia ulichojaza kwenye ndoo. Shufaa kazaliwa mjini, kwake tunda linatoka sokoni. Alikuwa na furaha kama anapelekwa harusini.

Tukamwambia na Chanda, rafiki yetu wa ng'ambo, mama wa Nakonde upande wa Zambia, anayechukua vitenge kwa Shufaa na mizigo yake inapita mikononi mwangu. Akakubali hapohapo. Niliuliza shamba liko wapi, nikaambiwa liko mbele ya Mlowo. Mbele ya Mlowo ni pana, sikuwaza zaidi.

Heri ningewaza. Maana kile kibao, nikikumbuka vizuri, nilishasikia habari zake kabla hakijachongwa. Wifi yangu Sekela, mke wa mdogo wangu Elia, aliniambia kwenye simu miezi kadhaa nyuma kwamba anataka kuwafungulia watu wa mjini shamba wachume wenyewe, maana madalali wa Mlowo wanamnyonya. Akaniomba niwaambie watu wa ofisini kwangu. Nikamjibu, "Nitawaambia, wifi." Sikumwambia mtu.

Kwa nini sikuwaambia? Kwa sababu watu wa ofisini, na Shufaa, na Chanda, wanajua hadithi nyingine kuhusu kwetu. Wanajua kwamba Igamba tuna shamba kubwa la kahawa na kuna watu wanatusimamia. Sikumbuki siku niliyolisema hilo mara ya kwanza. Lilitoka tu, nadhani watu walikuwa wanasimuliana kwao na mimi nikataka kuwa na kwetu pa kusimulia. Kahawa ipo kweli, mistari michache nyuma ya nyumba. Na hao "watu wanaotusimamia" ni Elia na Sekela, wanaolima kwa jembe la mkono.

Basi tukaondoka. Shufaa anaendesha, Chanda mbele, mimi nyuma na ndoo tatu tupu. Tukapita Vwawa tukicheka. Mlowo pale magari yanapojazana na watu wamebeba magunia, Shufaa akaiacha lami akaingia barabara ya Igamba, na mimi kicheko kikanikauka.

Nikajiambia Igamba si shamba moja.

Tukaenda. Kila palipotokea njia ya kuingia kushoto nilikuwa naomba kimoyomoyo aikate hiyo. Alipita zote. Mwishowe akakata njia ninayoijua hata nikifumbwa macho, ile yenye mparachichi pembeni uliopigwa na radi, na mbele nikakiona kibao. Nyuma ya kibao nikaona bati letu lenye kutu.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Lilikuwa neno dogo na la kuchekesha hata. Jamani, mnajua mmenileta wapi? Hapa ni kwetu. Shufaa angepiga kelele, Chanda angepiga makofi, tungeshuka tunacheka. Neno lilifika mdomoni. Nikaangalia lile bati, nikaangalia choo cha nyasi kilichoinama, nikaliangalia shamba kubwa la kahawa ambalo halikuwepo. Nikalimeza.

Sekela alikuwa amesimama mlangoni mwa shamba akitungoja. Alikuwa amevaa gambuti, kitenge kimekunjwa kiunoni na koti la Elia lililopasuka begani. Aliponiona nashuka kwenye gari uso wake ukafunguka wote. Yeye alidhani nimetimiza ahadi. Alidhani ndio nimewaleta watu wa mjini kama nilivyosema.

Naomba nieleze jambo hili kwa msomaji asiye wa huku. Kwetu, mke wa mdogo wako akikusalimia wewe dada mkubwa wa mumewe, hakupi mkono. Anachuchumaa kidogo mbele yako, anakutanisha viganja na kuvipiga polepole, na wewe unaitikia ukiwa umesimama, halafu unamwinua. Ukiwaona watu wawili wanasalimiana hivyo, huna haja ya kuuliza kama ni ndugu. Hata Chanda anaijua salamu hiyo, kwao ng'ambo ipo.

Sekela alianza kuinama. Magoti yalishakunjika na viganja vilishakutana.

Nikamwahi. Nilipiga hatua mbele nikanyoosha mkono wangu kama ninavyowapa madereva ofisini, nikasema, "Habari za hapa, mama?"

Alibaki amekunja magoti kidogo, anautazama mkono. Halafu akainuka. Akaufuta wake kwenye koti, akanipa. "Nzuri, karibuni," akasema. Sauti haikuwa na kitu. Akawageukia wenzangu akawapa mkono vilevile, mmoja mmoja, akatukabidhi visu vidogo vya kukatia vikonyo, na tukaingia shambani watu watatu wote wageni.

Aliyekataa kuwa mgeni wangu ni mbwa. Anaitwa Bosi, na jina hilo nilimpa mimi mwenyewe alipoletwa akiwa mdogo wa kubebwa mkononi. Alitoka mbio nyuma ya nyumba, akawapita Shufaa na Chanda bila hata kuwanusa, akaja kunirukia kifuani na kulia ule mlio wa mbwa anayelaumu. Nikamsukuma. Akarudi. Nikaenda mstari wa mwisho wa mipasheni, akanifuata. Nikakaa chini kupumzika, akaweka kichwa kwenye viatu vyangu. Shufaa akacheka, akasema huyu mbwa kanipenda, ananijua wapi?

Sekela ndiye aliyejibu, kutoka mbali, bila kugeuka. "Huyo ana tabia ya kupenda wageni."

Bosi hapendi wageni. Alishamng'ata dalali.

Nikaendelea kuchuma. Najua pasheni, nimekua nazo, mkono unazifuata wenyewe chini ya majani. Lakini leo nilichuma kijinga makusudi, nikawa nauliza maswali ya kijinga kwa sauti. Hii imeiva? Na hii yenye makunyanzi, si imeoza? Nikauliza hivyo kwa mke wa mdogo wangu, kwenye shamba ambalo nusu ya waya wake niliuona ukifungwa. Na yeye akanijibu kwa upole kila swali kama alivyowajibu wenzangu. Akaniambia mama, hiyo yenye makunyanzi ndiyo tamu, usiitupe. Aliniita mama. Miaka yote hiyo ni wifi, wifi, na leo nilikuwa mama mmoja tu kati ya akina mama waliokuja kununua.

Wenzangu walifurahi kweli, sitaki kudanganya hilo. Chanda alikaa chini ya majani akala mpaka kidevu kikachirizika maji, akawa anashukuru kwa lugha ya kwao, "Natotela, mama, natotela sana," na Sekela, ambaye Kibemba kidogo anakisikia, akawa anacheka na kuitikia. Walielewana haraka. Nilikuwa nawatazama kutoka mstari wangu na kuona wivu. Wivu wa nini sasa? Mimi ndiye niliyejitoa.

Halafu likaja lile jambo lenyewe.

Shufaa alikuwa mstari mmoja na mimi. Upande wa pili wa waya, nyuma ya majani, Sekela alikuwa anaokota zilizoanguka. Nilijua yuko pale, gambuti zake zilikuwa zinaonekana chini. Shufaa akanyoosha mgongo, akaangalia ile nyumba na yule mwanamke, akashusha sauti kidogo, siyo sana, Shufaa hana sauti ndogo.

"Anahangaika, maskini. Wewe si wa huku Igamba? Humjui huyu mama?"

Na mimi nikasema, "Igamba ni kubwa, Shufaa. Watu wa huku hatujuani wote."

Niliona gambuti zikisimama. Kisha mkono wake ukatokea kati ya majani, ukaokota pasheni moja iliyokuwa karibu na mguu wangu, na sauti yake ikaja kutoka upande wa pili, ya kawaida kabisa.

"Ni kweli. Igamba ni kubwa."

Sijui kama nimewahi kupigwa vizuri hivyo. Hakukasirika wala hakunifichua. Alinisaidia kushikilia uongo wangu, kama alivyonisaidia kwa mbwa.

Mwanamke huyu ndiye aliyemwogesha mama yangu alipolala kitandani hadi akafariki. Mimi nilikuwa natuma dawa na vocha kutoka Tunduma, na kila nikienda nilimkuta mama ananukia sabuni, shuka safi, nywele zimesukwa. Siku moja mama alinishika mkono akaniambia, huyu siyo mke wa Elia, huyu ni binti yangu kama wewe. Nililia siku hiyo. Leo nimesema simjui.

Wakati wa kuondoka ulipofika tulipanga ndoo zetu kwenye benchi mbele ya nyumba. Hilo benchi ni la marehemu baba, nikakaa juu yake kama mtu aliyeliona leo. Sekela akapokea malipo ya Shufaa, akachota pasheni za ziada kwa viganja viwili kutoka kwenye ungo wake, akaziweka juu ya ndoo. Nyongeza hiyo. Akamfanyia Chanda vilevile. Akaja kwangu. Nikampa hela, akaipokea, akaihesabu, akachota viganja viwili kutoka ungo uleule akaweka juu ya ndoo yangu. Kipimo cha mteja.

Mimi sijawahi kuondoka nyumba ile na ndoo moja. Nikienda kusalimia huwa narudi na gunia la mahindi mabichi, na magimbi, na kuku aliyefungwa miguu anayenichafulia viatu kwenye gari, na nalalamika njia nzima kwamba wamenibebesha. Leo nimepewa viganja viwili, na nikasema asante.

"Karibuni tena, wageni wangu," akasema. Akatupungia mkono sote kwa pamoja. Bosi alikimbia nyuma ya gari mpaka kwenye mparachichi.

Njiani walisifu shamba, wakamsifu na yeye. Chanda akasema ni mwanamke mwenye roho. Nilijifanya nimesinzia.

Sasa nije kwenye ya jioni hii, maana ya shambani hayakutosha.

Nimefika, nimeweka ndoo mezani, simu ikalia. Elia. Yeye wiki hii yuko Mbangala, amefuata ufuta, mtandao wa huko unakuja na kwenda. Nilipoona jina lake nilijua ameshaambiwa. Nikapokea nikiwa nimejiandaa kwa matusi, na nadhani nilikuwa nayataka.

Alikuwa na furaha. "Dada, leo wifi yako kapata wageni wa huko kwako Tunduma! Akina mama watatu, wamechuma vizuri, wamelipa bila kelele. Amefurahi huyo!" Halafu akaniuliza kama siwajui, maana mimi Tunduma yote naijua.

Sekela hakumwambia.

Ningeweza kusema pale, kwa mdogo wangu, ambaye nimembeba mgongoni. Nikasema, "Nitawaulizia." Akasema sawa dada, usiku mwema, salamu nyingi, mtandao ukakatika.

Mimi naimba kwaya, sauti ya kwanza. Najua habari ya yule aliyemkana bwana wake mara tatu, tunaiimba kila Ijumaa Kuu na huwa nalia kwa kumsikitikia. Leo kufikia jioni mimi nilikuwa na mbili, moja kwa Shufaa shambani na moja kwa Elia kwenye simu.

Nafasi ya tatu imekuja kwenye kundi letu la simu, sisi watatu tu. Shufaa kaandika kwamba mwenye hoteli mmoja anataka pasheni za juisi kila wiki, nyingi, na yeye Shufaa anataka kumuunganisha na yule mama wa Igamba, ila tumeondoka bila kuchukua namba. Nani ana namba yake?

Ninayo. Imeandikwa Wifi Sekela, na picha yake ya harusi, na mimi niko kwenye hiyo picha, nimemshika mkono.

Nikaona njia ya kutokea. Ningeweza kusema nitaitafuta namba kwa watu wa huko, kisha baada ya muda niitume kama niliyoipata kwa jirani. Sekela angepata biashara yake, mimi ningebaki na shamba langu kubwa la kahawa, na hakuna ambaye angeumia. Nililipanga kabisa hilo, shajara. Nilishaanza hata kuliandika. Halafu nikaona kwamba kuna anayeumia, naye yuko Igamba sasa hivi anafunga kuku peke yake, akijiuliza kuanzia leo aniite nani.

Nikafuta. Nikaandika: "Namba ninayo. Ni mke wa mdogo wangu. Ile nyumba ni kwetu, nimezaliwa pale. Shamba la kahawa ninalowasimuliaga halipo. Nisameheni." Nikaituma kabla akili haijanirudia, nikaweka simu kifudifudi mezani na kuosha vyombo visivyo vichafu.

Nilipoigeuza, Chanda alikuwa ametuma sura ya mtu anayelia. Shufaa ameandika mstari mmoja.

"Nilijua tangu mbwa."

Na chini yake: "Sisi siyo wa kuombwa msamaha."

Basi. Uongo niliokuwa naulinda, hao niliokuwa nawaficha walishauona, na hawakujali bati lina kutu au halina. Walichojali ni kuona nampa wifi yangu mkono. Shufaa alinisubiri shambani niseme. Lile swali lake, humjui huyu mama, sasa naona alilileta makusudi. Alinifungulia mlango nami nikaufunga.

Nimempigia Sekela. Simu inaita mpaka mwisho. Nimepiga tena, vilevile. Huenda anapika, huenda simu iko kwenye chaji kwa jirani kama kawaida. Huenda ameiona na ameiacha iite, na hiyo ni haki yake. Nimeandika ujumbe, nikaufuta. Hili siyo la ujumbe.

Kesho sitaimba. Nimeshamwambia mwalimu wa kwaya. Asubuhi nitapanda gari la Mlowo, kutoka pale nichukue bodaboda mpaka kwenye kibao, peke yangu, bila ndoo. Nikifika, kabla hajaamua anipe mkono au asinipe, nitachuchumaa mimi. Nitakutanisha viganja na kuvipiga polepole mbele ya mke wa mdogo wangu. Dada mkubwa hamchuchumalii mke wa mdogo wake, kwetu hilo halipo, na majirani wakiona watasema nimechanganyikiwa. Waseme. Halafu nitabaki pale chini. Kuniinua ni kazi yake, akitaka.

Bosi atanipokea, hilo sina shaka nalo. Sekela sijui.